Sauti ya Mufalme wa Majivu

Siku ya posho, 6 juillet 2002

Siné, chumba chetu cha video, ilijaa tena. Mabenchi yote, wengine chini. Kaseti ni ile ile, Vita ya Mulango wa Jua: meli zinaruka katikati ya nyota, walozi wanarusha moto kwa mikono, Mufalme wa Majivu anataka kuzima jua. Luga yake hakuna anayeisikia hapa mutaani Nyakasanza, hata mimi. Ndiyo kazi yangu: ninashika mikro, ninawatilia maneno. Kila mutu wa nyota nilimupa sauti ya mutu wa kwetu. Mufalme nilimupa ya Ukumu, rafiki yangu wa Mahagi anayeuza samaki mukavu mbele ya siné. Ile sauti nzito, ya kuvuta maneno kama mutu anayepanda mulima na gunia. Miaka tatu, Ukumu mwenyewe ndiye anacheka wa kwanza.

Leo mufalme alipoanguka watu hawakucheka. "Muue! Muue!" Vijana wawili walikuwa na mapanga juu ya magoti. Sikupenda.

Siku ya tatu ya kazi, 10 juillet

Barabara ya Bogoro imefungwa, vita inakaribia, na kila mutu wa kutoka mbali anaangaliwa kama adui. Watu wanapita na magodoro kichwani. Sokoni wanamwita Ukumu "Majivu". Watoto kwanza, sasa wakubwa. Ananiambia eti ni muchezo tu. Lakini hacheki. Ulimi hauna mufupa, na wangu ndiyo ulianza.

Siku ya tano ya kazi, 12 juillet

Nimebadilisha. Mufalme nilimupa sauti ya mwalimu wangu wa zamani, Kifaransa cha puani. Watu wakakasirika. Benchi moja likavunjika. "Tia Ukumu! Tia Ukumu!" Mumoja wa wale vijana wa mapanga akasimama karibu na televizyo, akaniangalia.

Nikamutia Ukumu.

Niandike vizuri, nisijidanganye: hakunigusa. Niliogopa tu. Mwoga mimi, mutu bure kabisa.

Siku ya posho, 13 juillet

Wamevunja meza ya Ukumu. Samaki kwenye matope. Alikuja kwangu asubuhi, hakukaa. "Ndugu, weye ndiye wanakusikiliza. Waambie." Basi. Hata kunilaumu hapana. Heri angenitukana.

Siku ya Mungu, 14 juillet

Nimewaambia. Katikati ya vita, meli zinawaka, nikasema kwa mikro: Ngojeni. Huyu mufalme si Ukumu. Ni mimi nilimupa sauti yake juu ya kuwachekesha. Ukumu ni mutu muzuri, alibeba sanduku ya baba yangu mpaka makaburini. Musimuguse.

Wakapiga makofi. Walifikiri ni maneno ya filme! Mulozi mumoja alikuwa amefungua kinywa kwa televizyo wakati ule ule. Miaka tatu kila kitu nilichosema kwa ile mikro kilikuwa cha kutunga, sasa hii moja ya kweli nani angeijua? Nilipaswa kuzima jenereta kwanza. Kusimama mbele yao na uso wangu. Sikufikiri. Ee Mungu, sikufikiri.

Siku ya kwanza ya kazi, 15 juillet

Wamemuua Ukumu. Saa ine ya asubuhi, kwa njia ya Nyankunde, alikuwa anakimbia na mufuko mumoja. Aliyeniletea habari anasema walimwita Mufalme mpaka mwisho.

Mikro nimeitupa kwa choo.

Siku ya Mungu, 21 juillet

Bibi ya Ukumu amekuja na binti yao wa miaka ine. Wanarudi Mahagi kesho, kama njia iko. Hakunisalimia. Alikuwa na bakuli ya uji. Mutoto hali kitu tangu siku ile, anamungoja baba.

"Sema kama yeye," aliniambia. Nikakataa. Akarudilia, pole pole: "Sema kama yeye. Mwambie akule."

Nikasema. Kula, binti yangu. Mutoto akaangalia nyuma yangu, mulangoni, akaangalia sana. Kisha akafungua kinywa. Mama yake akamulisha, kijiko kwa kijiko, bila kuniangalia, na mimi nikaendelea kusema mpaka uji ukaisha.