Brashi ya Charo na Wivu Wangu

Jumatano. Hewa nzito, chumvi imeganda kwenye miwani.

Nina wivu. Afadhali niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Charo, rika langu na fundi wa kuchomelea hapa Matsangoni, ndiye aliyepewa kazi ya vyuma vya kushikilia kwenye ngazi za zahanati. Mimi niliyefundisha ufundi wa chuma hadi nikastaafu, sikuulizwa hata rai. Mke wangu alirudi kutoka huko akasema, "Mikono ya Charo ina baraka. Vyang'aa kama kioo!"



Wiki iliyopita nilipita pale nikamkuta akisugua maungio kwa brashi ya waya, ile ile anayosugulia mageti ya chuma cha kawaida. Akaniona. "Mwalimu, waona? Vitabu sikusoma, na kazi yaenda!"

Nikacheka naye. Sikumwambia.

Chuma cha pua ni chuma kilichotiwa kaboni kidogo tu, na kaboni hiyo ndiyo huzipa nondo, reli na majembe ugumu wake. Stenlesi, kama hiyo ya zahanati, ni chuma cha pua kilichoongezwa metali ya kromiamu. Hiyo hutandaza juu utando mwembamba usioonekana, nao ndio huzuia kutu. Brashi ya waya wa kawaida huacha chembe zake juu ya utando huo, na kwa upepo wetu wa bahari, chembe hizo hazikawii kushika kutu.

Leo nilikwenda kupimwa presha. Madoa ya hudhurungi yameanza. Mama mmoja kwenye foleni akanung'unika, "Charo katuletea stenlesi bandia."

Si bandia. Nilijua, nikanyamaza tena.

Na nilisikia raha.

Raha hiyo yanitisha kuliko presha. Kesho kutwa kamati ya zahanati inakuja kukagua. Wakimdhania mwizi, Charo hatapewa kazi tena hapa.

Dawa ipo, tena nyepesi. Maji ya ndimu huyeyusha chembe zile. Unapaka, unasubiri, unasugua kwa brashi ya stenlesi, unasuuza kwa maji ya mvua. Nimejaza kikapu cha ndimu. Brashi ninayo, imelala sandukuni tangu nistaafu.

Alfajiri nitabisha kwake. Atanitania, najua, kisha atauliza niligundua lini.

Ndimu nitazibeba. Je, jibu hilo nitalitoa?