Tanuri Jipya la Mama Paraska

Dauphin, Manitoba
14 Septemba 1997

Mwanangu Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko kwenye kambi ya kazi, unakula na unalala. Mimi sijambo, ila magoti ni yaleyale. Dada yako Lesia na mumewe wanakusalimu.

Gesi imefika mtaani kwetu, mwanangu. Jiko la kuni tumeling'oa, na tanuri la gesi la kupashia nyumba joto limewekwa kule chini ya nyumba. Bomba wameunganisha watu wa gesi, lakini njia za bati za kupitishia hewa ni juu ya mwenye nyumba. Najua uliahidi kuzitengeneza wewe, fundi bati mwana wa fundi bati. Uliahidi kiangazi cha juzi, ukaahidi cha jana. Cha mwaka huu sikuuliza. Garnet amejitolea, na njia za kupeleka hewa ya moto vyumbani amekwisha kuzimaliza. Jumamosi anaanza ile ya kurudisha hewa baridi kwenye tanuri. Ana mkono mwepesi huyu mkwe wangu.

Mama yako

Fort McMurray
23 Septemba 1997

Mama mpendwa,

Milele amina. Mimi mzima, kazi nyingi, baridi imeanza kubisha hodi. Pole na magoti.

Nisikufiche, nimeona wivu. Garnet anauza matrekta. Njia ya kupeleka hewa hata mwanafunzi ataipinda. Ya kurudisha ndiyo inayomtambulisha fundi. Ikiwa nyembamba, tanuri linakosa pumzi, linapata joto kupita kiasi na kujizima lenyewe. Muulize ameifungulia wapi kule juu, na kama viungo vyote ameviziba. Muulize pia chujio la vumbi analichomeka ule mshale uliochorwa juu yake ukielekea wapi. Akikosa jibu aweke mkasi chini. Na huo mkasi usiwe wa marehemu baba. Wewe unamsifu mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwanao Zenon

Dauphin
12 Oktoba 1997

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo sote, hofu ni kwako.

Barua yako nilimsomea Garnet mezani. Alicheka mpaka chai ikampalia. Anasema mshale unaelekea kwenye tanuri, kule hewa inakokwenda, na kama huo ndio mtihani basi apewe cheti. Amekata matundu mawili ya kuvutia hewa, moja kwenye korido na jingine karibu na chumba changu, akaishusha njia katikati ya boriti za sakafu na kuziba kila kiungo. Mkasi aliutumia wa baba yako. Ulikuwa unakula kutu tu. Kisha tukala kabichi za kufungia wali, na kwa kuwa viti havikutosha, akakaa kwenye kile cha baba yako. Usinune. Nyumba ina joto mpaka nimevua soksi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu.

Mama yako

Dauphin
7 Desemba 1997

Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Karibu miezi miwili hukuandika, na nikipiga simu kambini wanasema umelala. Mtu gani analala hivyo? Najua ni kile kiti.

Tanuri linanisumbua. Linawaka kidogo, linazima, nyumba inapoa, linawaka tena. Garnet amekuja, akaukagua moto, akachungulia kiungo kimoja kimoja, akaondoka kichwa chini. Chujio tu hakulifungua, maana nilimwambia nimelishughulikia mwenyewe, ni safi. Anataka kuita fundi wa mjini. Nikubali?

Mama yako

Fort McMurray
15 Desemba 1997

Mama,

Milele amina. Nilisema, na sitajifanya nimehuzunika. Barua yako imenifurahisha, Mungu anisamehe.

Fundi wa mjini asiitwe, na Garnet asiguse hata skrubu. Nitafika tarehe nne Januari, kabla ya mkesha wa Krismasi yetu ya kalenda ya kale, tarehe saba. Vaa koti, vumilia kidogo. Nataka kosa lake nilikute alipoliacha, na alisikie mbele ya watu.

Mwanao Zenon

Dauphin
25 Januari 1998

Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai ulifika salama.

Nilikuona, mwanangu. Nilikuwa ngazini na beseni langu, nawe umeinama kwenye tanuri. Ulikuta kitambaa cha flaneli nilichokizungushia chujio. Yale ya dukani yanachafuka upesi na kutupwa, nami sijazoea kutupa kitu. Nikaona nikilivika flaneli, nitaifua Jumatatu pamoja na mashuka. Kumbe ni mimi niliyelinyima tanuri pumzi. Ulikichomoa, ukakitia mfukoni, na tanuri likaunguruma vizuri bila kuzima. Nikasema moyoni, mwanangu ananisitiri aibu.

Halafu mezani usiku wa mkesha, mbele ya Lesia na wazazi wa Garnet, ukasema, "Njia ya shemeji ni nyembamba. Bila tundu la tatu mama angeganda humu." Na asubuhi ya Krismasi ukalikata kweli. Garnet akakushukuru. Akasema, "Ndiyo tofauti ya fundi na muuza matrekta, ndugu yangu." Wewe ukajiongezea kabichi.

Nami nilinyamaza. Niliona haya, na nilikuwa nimechoka kukungoja ndani ya koti.

Sasa Garnet haji. Mkasi ameurudisha, umefungwa kwenye gazeti. Juzi nilimwomba anibadilishie chujio, akaniambia, "Mama, afadhali tumngoje Zenon." Basi umeshinda. Nyumba yote ni yako, na wewe uko mwendo wa siku mbili. Lesia sijamwambia kitu, hilo nakuachia. Barua yako ijayo usiniandikie mimi.

Mama yako

Fort McMurray
3 Februari 1998

Shemeji Garnet,

Salamu. Natumai wewe na Lesia hamjambo. Najua hatujawahi kuandikiana.

Njia yako ilikuwa sawa. Upana, viungo, mshale, vyote. Niliitafutia kasoro nikaikosa, na hilo ndilo lililoniuma. Tanuri lilizibwa na kitambaa ambacho mama alilivika chujio. Nimekitia humu kwenye bahasha ukione. Usimcheke. Tundu la tatu nililikata bure. Lizibe kwa mkono wako, maana pale ulipoziba wewe sikuona kiungo. Lesia na wazazi wako wasomee barua hii, kwa sababu nilisema mbele yao.

Nilikuonea wivu tangu ulipokalia kile kiti, na ninapoandika hapa bado naona wivu, usidhani umekwisha. Lakini chujio la mama linatakiwa kubadilishwa na mimi siwezi kufika. Tafadhali nenda wewe.

Shemeji yako,
Zenon