Soda Zilizofunguliwa Chumbani

Muyinga, Burundi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua: goti likiuma ndipo unapopata kazi ya kusimama jikoni. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Baba, kifua chake kimepoa, au bado anasema ni vumbi tu? Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea kwa kuvaa sweta lako la kijani kutwa nzima, hata Goreti ananiuliza kama nimezaliwa nalo.

Kwenye simu niliwaambia kazi inakwenda vizuri. Haikuwa hivyo, lakini habari hii si ya kusema huku salio linakatika. Sasa nimepata dereva wa lori anayevuka mpaka wa Kobero, atakuletea barua, basi nakueleza yote.

Mwanzoni tulikuwa Gitega, kwenye ofisi ya shirika la mikopo, tukifundishwa. Sisi wanafunzi wa kujitolea hatutoi mikopo. Tunakaa na akina mama wanaokopa, tunasikiliza habari za biashara zao na kuwasaidia kupanga maombi. Kisha nikaletwa Muyinga pamoja na huyo Goreti, mwanafunzi wa chuo kutoka Giheta, kwa kuwa huku Kiswahili kinasemwa sana. Nilidhani lugha ingetosha.

Mama, nikiuliza mbuzi wanaendeleaje, mtu ananijibu, "Mbuzi gani?" na mbuzi analia nyuma ya nyumba. Mama mmoja aliona nikitazama godoro alilolianika, akalikunja akaliingiza ndani, na jua bado kali. Waliamini tumetumwa kuangalia mali zao ili siku mtu akishindwa kulipa, ajulikane ana nini cha kuchukuliwa.

Kikundi chetu hukutana nyumbani kwa Mama Zubeda, mjane Mwislamu, fundi wa nguo. Hana cherehani. Anashonea kwenye baraza ya fundi mwingine, tena mwenyewe akimaliza kazi zake. Ameomba mkopo anunue yake kabla shule hazijafunguliwa, maana sare ndizo zinazomlisha fundi mwaka mzima. Lakini sharti ni kwamba wanakikundi wote wamdhamini kwa dole gumba. Mmoja akikataa, mkopo hautoki.

Siku ya kuweka dole nilitaka kuwafurahisha. Nilinunua soda kwa posho yangu. Nikakumbuka ulivyonifundisha, kwamba mgeni hasubirishwi, kila kitu kiwe tayari. Basi nikazifungua zote chumbani kwa Mama Zubeda, nikazipanga kwenye sinia, nikatoka nazo nikitabasamu.

Hakuna aliyegusa.

"Asante, mi siko na kiu," alisema mmoja. Mwingine akasema tumbo lake iko inauma. Mtoto mchanga alinyoosha mkono kwenye chupa, mama yake akamvuta kwa nguvu mpaka akalia. Mama Dafroza, mkulima aliyekulia Tanzania akarudi huku mtu mzima, aliitazama sinia, akamtazama Mama Zubeda, akasimama. "Tutakuja siku nyingine," akasema, na wote wakamfuata. Wino haukufunguliwa hata kifuniko.

Goreti alichelewa siku hiyo. Alipofika akakuta chupa zimejaa na nyumba tupu.

"Weye! Umezifungulia wapi?"

"Chumbani."

Akashika kichwa. "Mungu wangu! Huku soda inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Pombe ya ndizi, mwenye nyumba anaonja kwanza. Chupa wazi kutoka chumbani, nani atakunywa asijue imetiwa nini? Hata mi singekunywa, na mi nakupenda."

Mama Zubeda alikuwa anakusanya chupa. Hakunigombeza. "Mi siko na maneno na weye, mtoto," alisema. "We utarudi kwenu. Mi ndo nabaki. Kesho watasema ni Zubeda."

Na walisema. Kisimani walikuwa wakinyamaza akifika. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Na mimi, nakwambia kweli, nikaanza kumwogopa kila mtu. Mtu akinicheka njiani, nilijiuliza anacheka nini.

Goreti akasema twende kwa Mama Dafroza, maana wengine wanamtazama yeye. Alitupokea vizuri mno. Akaniletea kikombe cha maji ya ndizi, akakiweka mbele yangu, akakaa.

"Kunywa, mwanangu. Mmetembea juani."

Hakuonja. Nikakishika kikombe. Nikawaza kwamba kukataa cha mwenyeji ni kumtukana. Nikaona pia ananitazama mkono, si uso. Nikakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, naomba uonje kwanza."

Goreti akainamisha kichwa. Mama Dafroza akacheka mpaka kitenge kikamteleza begani.

"Ungekunywa hivihivi, ningekufukuza hapa! Asiyeogopa sumu ni nani? Ni mwenye nayo!" Akapiga funda kubwa, akafuta ukingo wa kikombe, akanipa. Nikanywa. Yalikuwa matamu.

"Zile chupa nilizifungua mimi," nikamwambia. "Mama Zubeda alikuwa uani. Hakuzigusa."

Kicheko kikakoma. "Hayo usinieleze mimi hapa. Utayasema mbele ya wote, na yeye akiwepo."

Nikayasema, Mama, nimesimama, kikundi kilipokutana tena kwa Mama Zubeda. Mama Dafroza akamgeukia Mama Zubeda. "Kweli hukuzigusa?"

"Sikuzigusa. Nilimwona mtoto anatoka na sinia, nikasema moyoni, leo nimekwisha."

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili. Mama Dafroza akaweka dole la kwanza, na wengine wakafuata mpaka wa mwisho. Lakini niliona jambo. Mama Zubeda alikuwa ameweka kitambaa safi mezani cha kufutia wino. Kila mmoja alifuta kidole kwenye nguo yake mwenyewe.

Walipoondoka nikamwambia, "Mama Zubeda, cherehani utapata."

Alikuwa anakikunja kile kitambaa, cheupe vilevile. "Ego, ndiyo, nitapata. Wamenipa kidole. Kinywa bado, cha kwangu hawajanywa."

Maombi yamekwenda Gitega na yamekubaliwa. Kila asubuhi nakunywa naye chai. Anamimina mbele yangu, anaonja, ananipa. Nami naketi nayo barazani, mahali wanapopita watu wa kisimani.

Mwamkie Baba, na Bibi mlinzi wa kuku wetu. Kaka fundi baiskeli mwambie sijasahau ahadi yangu ya kitenge cha mkewe. Mdogo wangu mchunga mbuzi mbusu kwenye paji, hata akikimbia. Jirani yetu muuza mkaa naye asiachwe.

Nakuombea goti lako usiku na mchana, nawe niombee nipate hekima.

Mimi binti yako akupendaye,
Rehema