Kompyuta ya Masjala na Maji ya Kudeki

Masjala ya Hospitali,
S.L.P. 47.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo sasa unakuruhusu kulala. Mkaza mjomba hajambo? Watoto je? Sisi tu wazima. Bibi bado anakohoa asubuhi, lakini sauti ya kutugombeza haijapungua, basi tunashukuru.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na jambo la aibu, na sikujua nitalimalizaje.

Ni ile kompyuta ya masjala niliyokueleza, lile dubwana la mezani lililonunuliwa kabla sijaanza shule. Ndilo linalohifadhi orodha ya watoto wanaozaliwa hapa. Lilianza kuzimika ghafla, leo mara tatu, kesho lisizimike hata mara moja. Mzazi yuko dirishani na kichanga chake, nimefika kwenye jina la baba, mara kioo cheusi. Tunaanza upya.

Siku ya kwanza Mkuu wa masjala aliniuliza nani ameigusa. Mjomba, unajua niko kwenye kipindi cha majaribio hadi mwisho wa mwezi. Hofu ikanishika, nikajibu, "Labda maji ya kudeki yameingia." Sikuwa na ushahidi wowote. Lilinitoka kama chafya.

Neno likaota mizizi. Mama wa usafi, ambaye sote tunamwita Mama Fagio, akakatazwa kuingia chumbani mwetu, kisha akapewa barua ya kufika mbele ya kamati ya nidhamu, Ijumaa hii ya juzi. Akanijia dirishani na barua yake mkononi. "Mwanangu, mimi nadeki sakafu. Kompyuta iko juu ya meza. Maji yangu yamepanda ngazi?" Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, badala ya kusema.

Ndipo nikashika agizo lako: kabla ya kugusa skrubu, andika. Kila ilipozimika niliandika saa, na nani alikuwa akifanya nini chumbani. Nikafungua kasha, vumbi lilikuwa la kutosha kupanda maharage. Nikalipuliza. Feni ilizunguka vizuri, joto halikuzidi. Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu, nikavisugua miguu kwa kifutio ulivyonifundisha, nikavirudisha. Nikabadilisha waya wa umeme. Bado.

Siku ya tisa niliketi na daftari. Saa nne na robo. Saa nne na dakika ishirini. Saa tisa kasorobo. Tena saa nne na robo. Na kulikuwa na siku mbili haikuzimika kabisa, siku ambazo Mkuu alikuwa safarini. Nyuma ya kabati kuna birika la umeme la Mkuu, la chai yake ya saa nne na saa tisa, na linakula umeme kwenye soketi moja na kompyuta yangu.

Mkuu alipokwenda kikaoni nililijaza maji, nikabonyeza. Mara ya kwanza kompyuta haikuzimika. Mara ya pili taa ya darini ilififia kidogo, na kioo kikawa cheusi. Nikachungulia kwenye matundu ya kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kasha, ambacho uliniapisha nisikifungue. Vikopo viwili vya kutunza umeme vimevimba vichwa. Kimezeeka, umeme ukiyumba kidogo tu, hakistahimili.

Hapo ndipo palikuwa na mtihani, Mjomba. Ningeweza kuhamisha waya kimyakimya, kompyuta ikapona, nami nikabaki na kazi. Lakini kupona kwake kungemmaliza yule mama. Wangesema: mnaona, tangu azuiwe kuingia, mashine imetulia.

Ijumaa nilimpelekea Mkuu daftari kabla ya kamati. "Kwa hiyo mshtakiwa ni birika langu?" akauliza. Nikasema, "Hapana, Mkuu. Ni mimi. Nilisema maji bila kujua." Alisoma kurasa zote, akavua miwani. "Basi hayo kayaseme mbele yao."

Nikayasema. Shauri likafutwa. Kuhusu ajira yangu, Mkuu hajatamka neno, nami sijathubutu kuuliza. Birika limehamishiwa chumba cha pili. Kama una kisanduku cha umeme kilichotumika, tafadhali nitumie; cha huku hakina maisha marefu.

Nilimwomba Mama Fagio radhi koridoni. Alinisikiliza hadi mwisho. "Umesema kweli, mwanangu. Ila siku kumi na mbili nililala na ile barua chini ya mto." Akachukua ndoo yake akaenda.

Jana asubuhi aliingia masjala kwa mara ya kwanza tangu azuiwe. Alideki chumba chote, vizuri kama kawaida yake. Chini ya meza yangu pekee aliacha pakavu. Alipotoka nilichukua tambara, nikapiga magoti, nikadeki mwenyewe.

Msalimie sana mkaza mjomba, binamu yangu Kibonge, na mzee jirani yako mshona viatu. Bibi anasema usisahau dawa. Mungu akupe afya na usingizi mwema.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuheshimu.