Bena, Mbogo na Mstari wa Mwisho

Jumatatu, 3 Februari 2020

Aibu! Leo nimeimba kazini. Wala sikujua kama naimba. Nilikuwa naskani mafaili ya wagonjwa, mashine inaguna, nami nikaifuatisha: Bena mbogo yo, Bena mbogo yo... wimbo wa marehemu babu. Natalia wa meza ya pili akaacha kuchapa. Akauliza hiyo ni lugha gani. Nikasema, Kihispania. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe nazungumza na Mkuba! Akasema hapo hakuna hata neno moja la kwao.

Nikaomba radhi mara tatu. Nikamweleza: babu aliimba katika bendi ya dansi Tabora, miaka ya sitini. Nyimbo za Kuba walizinakili kutoka kwenye santuri, kwa sikio tu, maana Kihispania hawakukijua. Huu alituambia ni wa mwindaji wa Kibena aliyekoswakoswa na mbogo. Tuliamini.

Akaniomba niurudie taratibu. Safari hii hakucheka. Akasema Jumamosi niende gerejini kwa baba yake, Grand Prairie, wana bendi ya familia. Nikasema ndiyo. Kukataa kunahitaji maelezo, na maelezo hunitoa jasho.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemwambia Da Prudensia (nesi, ndiye aliyenipangisha chumba). Akaweka kijiko chini.

"Kidawa? Wewe unayeniomba niku-orderie pizza kwa sababu unaogopa simu? Unaenda kuwaimbia Wakuba?"

"Siendi kuimba, dada. Naenda kusikiliza."

"Haya, msikilizaji. Nitaku-drop mimi. Wewe kwenye highway unaendesha kama umebeba mayai."

Jumamosi, 8 Februari

Naandika haraka nisisahau!

Gereji haina gari. Ina besi, ngoma mbili ndefu, viti vya plastiki na feni. Mzee Eusebio, baba yake Natalia, ana miaka themanini na moja na shati lililopigwa pasi kama la mwanafunzi siku ya kwanza. Anapiga gitaa dogo la nyuzi pachapacha, wenyewe wanaliita tres. Natalia anapiga besi. Binti yake Yanelis, miaka kumi na saba, yuko kwenye ngoma — na bigijii mdomoni. Mzee anamgombeza kwa Kihispania, yeye anajibu kwa Kiingereza. Kama watoto wetu wa huku kabisa.

Wakanisimamisha katikati. Nikafumba macho, nikaimba beti zote tatu. Nilipofumbua, mzee ameshusha tres magotini.

Natalia akatafsiri. Wimbo ni wa kaka yake mzee, marehemu Rolando. Maisha yake yote alirekodi santuri moja tu. Mzee alipoondoka Kuba hakuweza kutoka nayo. Wanaupiga kila dansi, lakini ubeti wa tatu ulimpotea. Miaka hamsini, wakifika hapo wanapiga ala tupu. Na mimi ninao! Umevunjikavunjika, lakini upo.

Wakanifanya niurudie labda mara kumi na tano. Mzee anakisia, Yanelis anaandika. Bena mbogo yo — ven a mi bohío. Maana yake, njoo kibandani kwangu. Hakuna Mbena! Hakuna mbogo! Ni mtu anamwita mpenzi wake tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ukabaki mstari wa mwisho. Sikudani, sikudani. Mzee akaruka: sí que dan! Hutamkwa si ke dan; yaani, kweli wanatoa. Natalia akauliza nani anatoa, anatoa nini. Mzee akasema Rolando hakuwa mchoyo hata siku moja, maneno hayo ni yake kabisa. Kisha akafuta macho kwa kola ya lile shati.

Jumamosi, 15 Februari

Mazoezi. Tarehe 29 wana dansi Houston. Mzee anataka ubeti wa tatu niuimbe mimi, jukwaani. Nikasema Natalia ana sauti nzuri kuliko yangu. Yanelis akasema: "Babu hataki sauti nzuri. Anataka yako." Akadhani amenitia moyo.

Nimesema ndiyo. Tena!

Mzee alinionyesha picha ya kaka yake. Nyuma ameandika ule mstari wa mwisho, kwa wino. Anasema sasa maneno ya Rolando yamekamilika.

Jumapili, 23 Februari

Sijui nifanye nini.

Nimempigia bibi Tabora, kumfurahisha. Nikamwimbia, nikamweleza habari za kibanda. Akacheka vizuri. Nilipofika sikudani akacheka upya, kicheko kingine, cha msichana.

"Hilo silo la Wakuba, mjukuu wangu. Hilo ni mimi."

"Wewe, bibi? Si unaitwa Tatu?"

"Tatu kanipa mama mkwe. Kwetu niliitwa Sikudhani. Ile santuri ilikuwa na mkwaruzo pale mwisho, sindano inaruka. Babu yako hakuwahi kuusikia huo mstari. Akajaza mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema: "Mlikuwa watoto. Mlimtaka mbogo."

Kwa hiyo mstari wa Rolando haupo. Na mzee ameshauandika kwa wino!

Kazini nikikosea tarehe ya mgonjwa mmoja sili mpaka nirekebishe. Hili je?

Ijumaa, 28 Februari

Sijasema. Da Pruden anasema nimwache mzee wa watu afurahi. Gauni nimelipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 29 Februari

Houston. Naandika nikiwa chooni, ukumbini, nimefunga mlango. Ni mapumziko. Wimbo wetu ndio unaofuata.

Nimesema! Hapa nyuma ya jukwaa, dakika kumi zilizopita. Natalia alitafsiri polepole, hakunitazama. Mzee akatoa picha mfukoni, akaigeuza, akaitazama sana. Nikasema samahani, sijui mara ngapi.

Akauliza swali moja: bibi yuko hai?

Nikasema yuko hai. Akauliza kama ana simu.

Sasa Da Pruden amekaa safu ya mbele, simu ameinua juu, bibi yuko hewani. Tabora ni saa kumi na moja alfajiri. Amesema ataswali wimbo ukiisha, kabla jua halijatoka, tusimcheleweshe. Na mzee ameomba kalamu. Hakufuta. Chini ya mstari wa Rolando ameongeza jina la bibi, akaniuliza herufi moja moja.

Nimesema nakuja, nikakimbilia huku. Watu ni wengi mno! Wamesimama hadi mlangoni. Natalia akigonga nitasema naumwa. Si uongo, hofu nayo ni ugonjwa.

Wanafanya mazoezi ya kuitikia jina la bibi nje ya mlango, wote watatu, mzee ndiye anaongoza. Sikedani! Sikedani!

Ke? Siyo ke. Ni ku. Si-ku-dha-ni.

Wanarudia. Sikedani! Yanelis naye, kwa nguvu kabisa. Wataingia na kosa hilo jukwaani, na bibi anasikiliza.

Hapana. Ngoja nitoke.