Wamelitoa Jina la Riziki

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa tano

Mvua toka asubuhi. Sare nne za shule zimekwisha, ya tano nimeiharibu mkono wa kushoto. Nimeushona nje ndani. Miaka yote hii ya kushona na sijawahi.

Sababu ni redio ya kibanda cha jirani, pale wanapochajisha simu. Nilisikia wimbo wangu. Nilifikiri masikio yananidanganya. Ngoma mbio mbio, kinanda, vijana wanapiga miluzi. Lakini maneno ni yangu: "Ulishika njia gani, tukufuate." Na sauti ni ya Dodo Sukari, yule kijana mwimbaji wa Keshero.

Mwaka jana alikaa hapa hapa Ndosho, kwenye benchi langu, na telefone yake. Alisema anataka kuhifadhi nyimbo za wamama zisipotee. Nikamwimbia wote. Nilimpa hata chai.

Nina hasira. Sindano imenichoma mara mbili.

Jumanne, tarehe 6

Leo nimeusikiliza mpaka mwisho. Afadhali nisingefanya hivyo.

Wimbo huu tuliuanza kambini Munigi, sisi wamama tuliokimbia kutoka Masisi. Ni wimbo wa majina ya watu waliotupotea njiani. Unaita jina moja, halafu unanyamaza. Kimya cha pumzi mbili, ili mwenye jina akisikia apate nafasi ya kuitika. Halafu jina lingine. Tulianza na majina kumi na moja. Yamebaki saba.

Jina linatoka kwa sababu mbili tu. Mtu amepatikana, au amezikwa na mmoja wetu ameliona kaburi. Hakuna sababu ya tatu. Kila mtu kambini anajua, hata watoto.

Riziki wangu ni wa tatu. Alipotea Sake, penye njia panda, siku risasi zilipotawanya watu. Alikuwa ameshika sufuria. Mimi nilimshika mdogo wake, yeye nikamwambia nifuate. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Dodo ameyatoa majina yote saba. Mahali pake ametia mabanga. Hiyo ni desturi ya wanamuziki wetu, mkubwa anampa mwimbaji kitu, mwimbaji analitupa jina lake ndani ya wimbo. Sina neno na mabanga, hata harusini tunafurahi nayo. Lakini si humu. Penye Riziki sasa anaitwa Papa Didi, tajiri wa mafuta ya magari. Na kile kimya amekijaza kinanda.

Mshenzi. Nimeandika, sifuti.

Alhamisi, tarehe 8

Mama Zawadi anayeleta makaa kutoka Munigi aliingia bila kubisha. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba mtoto amekufa. Mtoto gani? Riziki. Tate amekaa matanga toka Jumatatu.

Tate ni mama wa marehemu mume wangu. Riziki alilelewa mgongoni kwake. Yeye alibaki kambini, alikataa kuja Ndosho, kwa sababu Riziki akirudi atatafuta kambini kwanza.

Nikaacha mashini wazi, nikapanda moto, pikipiki ya abiria. Nimemkuta chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa. Moto wa matanga unawaka mbele ya hema. Wamama wamemzunguka. Alikuwa amesikia wimbo kwa redio ya jirani. Alingoja jina la tatu, halikuja. Akavua kitambaa, akaomba wembe.

Nimeeleza. Nimeeleza tena. Nimesema ni kijana mmoja wa mjini, ametoa majina ili watu wacheze. Alinitazama kama mtu anayemwonea mwongo huruma.

"Jina haitokake bure," akasema. "Nani alionaka kaburi? Uniambie tu, mama Riziki. Nitavumilia."

Hawezi kuamini. Katika kichwa chake hakuna mtu anayeweza kumtoa mtoto wa mwenzake ndani ya wimbo hivi hivi. Na mimi nitamfundisha vipi kwamba yuko? Alininung'unikia pia kwamba nimemsikilizisha kifo cha mjukuu wake kwa redio, pamoja na watu wa mbali. Hajala kitu siku tatu. Uji niliopika umebaki kwenye kikombe.

Nilimpandishia sauti. Mbele ya watu. Nimeona haya njia nzima.

Ijumaa, tarehe 9

Keshero. Dodo anakaa nyumba yenye geti la bluu. Alinipokea vizuri, maman huku, maman kule, kiti, soda ya baridi kwenye chupa. Sikunywa.

Nimemwambia: rudisha jina moja tu. Moja. Kuna muzee anajiua kwa njaa.

Akasema wimbo umeshatoka, haurudi studio. Akasema kimya kinachosha, watu hawachezi kimya. Akasema nimshukuru, kwa sababu zamani wimbo ulijulikana na hema kumi, leo unapigwa mpaka Bukavu. Halafu kwa upole kabisa akasema nikitaka jina la binti yangu liingie katika wimbo wake ujao, tunaweza kuelewana, bei ya familia.

Bei ya familia. Nimemuuliza kama mama yake yuko hai. Akasema yuko. Nikasema basi aende kumsalimia, kisha nikaondoka. Nilitembea kwa miguu mpaka Ndosho ili nisimpige mwendesha moto asiye na kosa.

Nimemkumbuka mume wangu. Alikuwa mpiga gitaa, na alikuwa na kaseti za ritmu na bluzi za watu weusi wa Amerika. Alikuwa akitupigia kwanza wimbo ukiimbwa na mwenyewe aliyeutunga, halafu wimbo ule ule ukiimbwa na yule aliyeuchukua akaulainisha akatajirika nao. Alisema huyu wa kwanza ameumia, huyu wa pili amesikia habari. Mimi nilikuwa nikimwambia wa pili unachezeka zaidi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, tarehe 10

Redio ya mtaa. Nimeomba wapige wimbo wetu wenye majina. Mtangazaji hakutaka. Wimbo wetu wa zamani, amesema, unahuzunisha wasikilizaji, na kaseti yake waliyokuwa nayo pale redioni haionekani. Wa Dodo wanaupiga asubuhi, saa sita na jioni.

Nimekaa mlangoni. Wageni wake wananiruka. Saa nne, saa tano, saa nane. Nilikuwa na kazi ya kushona, niliileta, nikatia vifungo. Saa tisa amechoka. Amesema tuje kuimba wenyewe kesho baada ya misa, wakati wa matangazo ya vifo na salamu. Wimbo mmoja, si zaidi.

Nimemtuma Mama Zawadi: redio ya jirani iwekwe karibu na Tate, hata kwa nguvu.

Jumapili, tarehe 11

Tumeenda wamama sita, na vitambaa vya kanisa. Chumba kidogo, joto. Nilikuwa bado na hasira, na hasira haijui kuimba. Sauti ilipanda juu mno. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya.

Riziki. Nikanyamaza.

Mtangazaji akaruka. Kwao kimya maana yake aparei, mashini ya redio, imekufa. Alinyoosha mkono abonyeze muziki. Nikamshika kifundo cha mkono, nikakibana. Pumzi moja, pumzi mbili. Hakuna aliyeitika. Nikamwachia, tukaendelea mpaka la saba.

Nimetoka nje. Nimekaa kwenye mawe ya volkano, nimelia kwa ubaya. Sijui kama Tate amesikia.

Jumatano, tarehe 14

Munigi. Jua, baada ya siku nyingi.

Moto wa matanga umezimwa, majivu yamefagiliwa. Tate amekaa nje, kitambaa kimerudi kichwani. Alikuwa anakula viazi na maharage, polepole. Nilikaa karibu naye.

Akasema nimeimba vibaya. Nimekimbiza. Mtu akiwa mbali, akasema, anahitaji wakati, labda yuko shambani, labda anateka maji. Nikasema ndiyo, Tate.

Akaniuliza kuhusu Papa Didi. Sikuelewa. Akasema, yule aliyeitwa mahali pa mtoto wetu, kwa redio. Toka Jumatatu ile yeye na wenzake wanamuombea, kila jioni, kwenye rozari. Mutu haitwake ndani ya wimbo ule kama hakupotea.

"Walishamupata?"

Nilitaka kumwambia yote. Mafuta ya magari, geti la bluu, bei ya familia. Nilimtazama mikono yake imeshika kiazi.

Nikasema bado.

Akatikisa kichwa. Akasema, maskini, mama yake analala namna gani. Kisha akanimegea nusu ya kiazi, tukala.