Wimbo wa Kumcheka Zébédée

Lubumbashi, 4 Februari 2024

Mama Mwila mpendwa,

Jambo sana, Mama. Habari ya magoti? Na jirani yako Nyembo, bado anakuibia majani ya mihogo ya kupika sombe? Sisi huku tuko wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mume wangu Kalonji yuko kwenye mgodi, anarudi nyumbani mwisho wa juma. Ninakuandikia kwa sababu masikio yako na simu havielewani, na neno nililo nalo si la kupigiwa kelele.

Mtoto amezaliwa mwezi uliopita, msichana, ana nywele nyingi. Watu wote wanafurahi isipokuwa mimi. Akilia ninabaki nimekaa, natazama ukuta. Ninamnyonyesha kama mtu anayejaza ndoo ya jirani. Marceline, muuguzi wa kituo cha afya, aliniona nikitokwa machozi siku ya kupima watoto, akanikalisha pembeni. Akasema: « Mama, hii iko bugonjwa ya kisha kuzala. Haiko buchawi, haiko zambi. Inaponaka. » Kisha akaniuliza ni nani alinilea nilipokuwa mchanga.

Pale Baze, kambi ya jeshi ya Kamina, watoto wenzangu wa wanajeshi walikuwa wakiniambia: « Mama yako alikukatala, Mama Mwila njo alikuokota. » Mgongo wako ninaushukuru mpaka leo. Lakini niambie ukweli: mama yangu mzazi, Bolingo, alinitupa? Kama alinitupa, naogopa jambo hilo linapita kwa damu, nami nitamtupa huyu. Tangu baba afariki, mama yuko peke yake Kananga, anaomba kuja kumwona mjukuu. Ninamjibu kwamba nyumba ni ndogo.

Binti yako,
Carine


Kamina, 25 Februari 2024

Binti yangu Carine,

Wafwako, mwanangu, asante kwa barua na kwa mjukuu. Magoti yapo, yananiamsha kabla ya jogoo. Nyembo bado mwizi, ila siku hizi anaiba akitoka Misa.

Sasa sikiliza. Mama yako hakukutupa. Alikuwa mgonjwa, na jina la ugonjwa huo hatukulijua. Baba yako Likoke alikuwa amepelekwa vitani. Mama yako alitoka jimbo la Équateur, alijua Lingala tu. Mimi Kiluba na Swahili. Nilipita kambini kuuza samaki wangu wa ziwa Kisale, nikakuta wewe unalia, yeye ameketi, bukari, ule ugali aliopikiwa na jirani, imekauka kando yake. Wanawake wakaniambia: « Ule iko na majivuno, hata bonjour hasemake. Umuache. » Nami nilikuwa karibu kuwaamini. Lakini kwetu mzazi haachwi peke yake ndani ya nyumba kabla nguvu hazijamrudia. Lazima mwanamke alale naye, ampikie, amkande kwa maji ya moto. Wa kwao walikuwa mbali, basi nikaenda kuchukua mkeka wangu. Sikumuuliza kama anataka. Mgonjwa haulizwi uji.

Ni kweli nilikubeba mgongoni hadi sokoni, ndiyo maana watu wakasema vile. Ila kila nilipokwisha kukuogesha nilikulaza kifuani pake. Nilikaa nyuma yake, nikaushika mkono wake juu yako, maana nikiuacha ulianguka. Na nilikuwa ninaimba. Si wimbo wa maana, niliutunga mwenyewe kwa Kiluba, wa kumcheka mume wangu: Zébédée analala kama gunia la mihogo, mtoto analia, sombe inaungua, Zébédée amka! Watu wote walimwita Papa Mwanza. Zébédée ni jina lake la ubatizo, nililitumia mimi tu, tena nikiwa na hasira. Wewe ulikuwa unalala hapo hapo. Mama yako sijui kama alisikia kitu, macho yake yalikuwa ukutani.

Siku moja niliuachilia mkono wake ili nijikune. Haukuanguka, ulibaki juu yako. Nilitoka nje nikalia, Carine, na Mwila halii ovyo. Toka hapo alianza kupona, na kukupenda alikupenda sana.

Mwaka ule ule Zébédée alifariki. Wimbo ule sikuuimba tena, sikuwa na moyo wa kumcheka.

Kama kuna kitu kinachopita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, basi na mkono ule unapita. Mwite mama yako. Nyumba ndogo si sababu, mkeka unakunjwa. Na Marceline mwambie ninamshukuru.

Mama yako wa Kamina,
Mwila


Lubumbashi, 20 Machi 2024

Mama Mwila,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua. Mimi ni vile vile, lakini barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimempigia mama simu. Nilisema tu, « Mama, kuya. » Hakungoja nimalize. Anapanda treni, naye atapita Kamina siku Mungu atakayopenda.

Binti yako,
Carine


Lubumbashi, 28 Aprili 2024

Mama Mwila mpendwa,

Jambo, Mama, jambo tena. Huku kuna heri. Mjukuu wako Hadassa anakusalimu, amejifunza kucheka.

Mama amefika, ana mkeka kichwani na kifurushi chako cha samaki mkononi. Ameniambia kwamba pale gare, kituo cha treni cha Kamina, mlishikana mikono mkilia tu mpaka treni ikaondoka.

Hakuniuliza kitu. Alitandika mkeka kando ya kitanda changu, akaweka maji motoni. Alipokwisha kumwogesha Hadassa alimlaza kifuani pangu, akakaa nyuma yangu, akanishika mkono. Kisha akaanza kuimba kwa Kiluba. Mama yangu, asiyejua Kiluba hata cha kuomba maji! Zébédée, Zébédée, mstari baada ya mstari.

Nikamuuliza huo ni wimbo gani. « Ile? Ile iko maombi. Wakati minyi nilikuwa mu giza, Mama Mwila alikuwa anaimba kila siku. Nilizania anatuombea kwa ule mutakatifu Zébédée, baba ya Yakobo na Yoane. Tangu ile wakati, nikisikia giza inarudia, minaimbaka. Inanisaidiaka sana. »

Alisikia, Mama! Siku zote zile alikuwa anasikia. Nililia mpaka Hadassa akashtuka, na nilipokuja kujitambua nilikuwa ninampapasa mgongoni, mkono umekwenda wenyewe. Kwa Marceline bado ninaenda kila juma kuzungumza, anasema nisiache. Siku nyingine giza linarudi, lakini linanikuta na watu.

Zébédée ni nani, sijamwambia. Nimwambie?

Binti yenu nyote wawili,
Carine


Kamina, 12 Mei 2024

Carine mwanangu, na wewe Hadassa,

Salamu na shukrani. Nimecheka mpaka Nyembo akaacha majani yangu na kuja kuuliza kuna nini.

Usimwambie. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayemkumbuka yule mvivu katika maombi, kumbe Kananga kulikuwa na mwanamke anamwita miaka yote hii. Alipokuwa hai hakuamka hata siku moja kwa ajili ya mtoto anayelia.

Mwiteni tu. Mwacheni aamke.

Kambo, bibi yake Hadassa,
Mwila